Ahadi Hubaki kwa Anayekumbuka

Katika hadithi fupi ya Alice Munro iitwayo "The Bear Came Over the Mountain", iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1999, Grant na Fiona wameishi pamoja miaka mingi pale mke anapoanza kusahau. Mwanzoni anabandika vikaratasi kwenye madroo ya jikoni ili ajue kilichomo, kisha anaanza kupotea njia, na hatimaye anahamia Meadowlake, makao ya wazee ambako mgeni mpya hatembelewi kwa siku 30 za kwanza. Grant anapomwendea anamkuta ameshikamana na mgonjwa mwenzake, Aubrey, naye mume anapokewa kwa adabu kama mtu aliyefika leo. Munro, Mkanada aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, hahubiri popote katika hadithi hii. Hata hivyo ameweka mbele yetu swali ambalo dini na falsafa haziwezi kulikwepa: ahadi ya ndoa ina nguvu gani ikiwa mmoja wa walioifunga hajui tena kwamba aliifunga?

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu ni yule yule kwa kadiri fahamu yake inavyoweza kuyafikia matendo yake ya zamani. Tukimfuata, aliyeko Meadowlake si mke wa Grant, na Grant yuko huru. Munro anatuonyesha vingine. Ukarimu wa Fiona, wepesi wake wa maneno, namna yake ya kumtuliza mtu aliyepotewa, vyote vipo hata pale jina la mumewe limefutika. Nami naona kwamba, hata kama Locke angekuwa sahihi juu ya Fiona, bado asingemfungua Grant. Uislamu unafundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili. Haandikiwi dhambi mpaka akili imrudie. Kalamu ya mwenziwe mwenye akili timamu haijainuliwa. Mkristo naye huahidi katika maradhi kama katika afya, bila kubagua maradhi ya mwili na ya akili. Kwa hiyo ahadi iliyokuwa ya wawili haipungui nusu mmoja anaposahau. Inamwangukia nzima yule anayekumbuka.

Wapo wanaopinga, tena miongoni mwa viongozi wa dini. Mwaka 2011 mhubiri wa Marekani, Pat Robertson, alisema kwenye televisheni kwamba mume ambaye mkewe ana Alzheimer anaweza kumpa talaka na kuanza upya, mradi ahakikishe anatunzwa, kwa kuwa ugonjwa huo ni aina ya kifo. Huruma kwa mume aliyeelemewa naielewa, na sitamhukumu aliyechoka. Lakini hoja yenyewe haisimami. Maiti hana njaa wala hofu. Aubrey anaporudishwa nyumbani na mkewe, Marian, Fiona anadhoofika kwa huzuni, na Grant anakwenda kumwomba Marian amruhusu Aubrey kurudi kumwona. Mume anamtafutia mkewe mwanamume mwingine ili mke apate nafuu! Asidhani mtu kwamba haya yamo vitabuni tu: mwaka 2007 familia ya Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, ilieleza hadharani kwamba mumewe mgonjwa alipata mpenzi katika makao alikotunzwa, na kwamba mkewe alifurahi kumwona ametulia.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya hadithi yenyewe. Grant hakuwa mwaminifu. Alipokuwa profesa alizini na wanafunzi wake. Je, haya si malipo ya deni la zamani, au njia ya kuipoza dhamiri? Huenda. Lakini kusahau si kusamehe, kwa sababu msamaha hutolewa na anayelijua kosa. Fiona hawezi tena kumfutia Grant chochote, hata kumshukuru hawezi, na ndiyo maana naliona tendo hili kuwa safi kuliko mtendaji wake. Kwa Marian, anayehofia kupoteza nyumba yake akimweka mumewe makaoni, Grant anatumia tena ule ujanja wake wa ujana, na hapo simtetei hata kidogo.

Siku Aubrey anapoletwa, Fiona anamtambua Grant. Wapo wanaoisoma dakika hiyo kama tuzo ya mume. Mimi siioni hivyo, kwani Grant alikuwa ameshamleta Aubrey kabla ya kujua kwamba atatambuliwa. Enyi masheikh na mapadri mnaofungisha ndoa, mnapowaambia maarusi kuhusu maradhi, yatajeni na haya ya kusahau, wajue kabla hawajajibu.