Picha Moja, Tisheti 50

Rafiki yangu dizaina huchapa tisheti nyumbani kwake Manyatta. Jioni hushuka ufuo wa Dunga na kamera ya Instax. Haina negativu, picha hutoka moja tu, na yeye humpa mvuvi papo hapo. Hilo nalipenda. Ila juzi aliinakili moja kwa simu kabla ya kuitoa, na sasa uso wa mzee uko kwenye fremu ya kuchapia, tayari kwa tisheti 50.

“Si alikubali?” ananiuliza.

Alikubali picha ya kushika mkononi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazungumzia ridhaa, lakini mimi niliyeacha chuo sitahubiri sheria. Nawaza mzee akikutana na uso wake sokoni Kibuye, unauzwa. Amuulize kabla hajafungua mkebe wa rangi. Akikataa, fremu ioshwe.