Fahali wa Udongo na Nafasi ya Kwanza

Fahali wa udongo huvunjika pembe kwanza. Ukimwanika juani angali mbichi, nyufa huanzia shingoni, na zile pembe zilizokunjwa kwa ustadi zinadondoka kabla ya jioni. Watoto wa wafugaji wa Sudan Kusini wanalijua hilo tangu zamani. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu Wanuer, aliwataja watoto waliofinyanga ng'ombe wa matope na kuwajengea mazizi ya mchanga. Ulikuwa mchezo, basi.

Sasa tuseme maktaba moja huko Kator, mjini Juba, inaugeuza mchezo wa namna hiyo kuwa mashindano ya kazi za mikono wakati wa likizo ya Krismasi. Kila mtoto atengeneze pango la Noeli kwa maboksi, waya, vizibo vya soda, udongo na vipande vya vitenge vilivyobaki kwa mafundi cherehani. Mshindi apewe kitabu. Mkutubi anadhani kazi yake ni kutafuta gundi na majaji tu, kumbe ameingia kwenye teolojia: inafaa kweli kuwapanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho kwa heshima ya aliyelazwa horini?

Injili ya Marko, sura ya 9, inaelekea kukataa. Wanafunzi wamebishana njiani nani kati yao aliye mkubwa. Yesu anamchukua mtoto na kumweka katikati yao. Mtoto ndiye jibu la ugomvi wa vyeo. Kumwingiza mtoto huyo huyo kwenye ugomvi wenyewe, tena siku ya Noeli, kunatia shaka. Na hapo Kator onyo hili kuhusu kugombea ukubwa lina uzito wake. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, tarehe 4 Februari 2023, Papa Fransisko alikutana na maaskofu, mapadri na watawa wa nchi ambayo vita vyake vilizuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, siku 10 kabla ya Krismasi, baada ya wakubwa kugombea madaraka.

Hata hivyo, dini hazijawahi kuyakimbia mashindano. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji na tuzo. Qur'ani, katika sura ya 5, inawahimiza watu washindane katika mambo ya kheri, na Dar es Salaam mashindano ya watoto ya kuhifadhi na kusoma Qur'ani ni sehemu ya Ramadhani. Lamu nako, Maulidi huja na mbio za punda, kuogelea, bao na uandishi wa hati za Kiarabu, na bado kisomo cha Msikiti wa Riyadha ndicho kiini chake.

Kusema "wote mmeshinda" hakusaidii. Watoto wana macho. Wanajua ng'ombe wa nani anasimama na wa nani anaegemea ukuta. Kitabu cha Kutoka kinasema fundi Bezaleli alijazwa roho ya Mungu ili afanye kazi za dhahabu, mawe na mbao, na kipaji cha namna hiyo hakifichwi kwa adabu ya uongo. Mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 una busara zaidi: kila mtu alijua nani alifika alfajiri na nani alifika jioni, ila ujira ulikuwa mmoja.

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa sana. Majaji hupenda karatasi za kung'aa, na karatasi hizo hununuliwa dukani. Mtoto ambaye mama yake anauza mboga soko la Konyo Konyo ameshindwa kabla hajaanza. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa Noeli yake maarufu pale Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia nyasi, ng'ombe na punda.

Kwa hiyo, mkutubi unayepanga shughuli hii, piga marufuku vitu vya kununua na usitoze kiingilio. Katika ujaji, mkaribishe mama mfinyanzi akae pamoja na mwalimu. Kila kazi isemwe wazi mbele ya mwenyewe, pembe hii imeshika, waya huu umelegea, na iliyo bora iwekwe mlangoni watu waione. Vitabu vya zawadi, gawa kimoja kimoja kwa kila mtoto.