Pambo lisiwe pazia la kasoro

Ndugu yetu mmoja anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ameniletea swali ambalo huenda likamchekesha msomaji wa Tandika au Magomeni. Nyumba yake imevikwa kwa nje mabamba ya vinaili, yaani plastiki ngumu, naye anataka kuweka vilango vya mapambo pembeni mwa madirisha. Vilango hivyo hupigwa skrubu ukutani. Havifungwi wala havifunguliwi. Anauliza: je, kuweka kilango kisichofunga si aina ya uongo?

Swali hili si dogo. Asili ya vilango vya madirisha ni kazi. Zanzibar na Lamu tunavijua: hufungwa kuzuia jua na mvua, hufunguliwa kuingiza hewa. Marekani navyo vilikuwa hivyo, vikikinga upepo na dhoruba. Leo katika nyumba nyingi za huko kazi imeondoka, sura imebaki. Vingine ni vyembamba kiasi kwamba hata vingefungwa, visingelifunika dirisha.

Nilimjibu kuwa asili ya pambo ni halali. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 32, Allah (S.W) anawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Ama uongo, huo unahitaji mtu wa kudanganywa. Jirani apitaye njiani anajua fika kuwa kilango kile ni urembo tu. Ua lililochongwa kwenye mlango halidai kuwa linanukia.

Hata hivyo, yapo masharti mawili.

La kwanza ni kutoharibu. Vinaili hutanuka wakati wa joto na kunywea wakati wa baridi. Bamba la futi 12 laweza kusogea kiasi cha nusu inchi. Ndiyo maana matundu yake ya misumari ni marefu, na misumari haikazwi hadi mwisho. Anayekaza skrubu ya kilango juu ya bamba hulibana, nalo hupinda. Fundi mwaminifu hutoboa kwenye vinaili tundu kubwa kuliko skrubu, akaishikiza kwenye ubao ulio nyuma, wala hakazi kupita kiasi. Fundi anayejua haya akayaacha kwa haraka ya malipo amekhini amana. Madhara hayaonekani siku anapolipwa, yanaonekana joto likija.

La pili ndilo zito zaidi: kutoficha kasoro. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W) alipitia rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake na kukuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume (S.A.W) akamhoji kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Sasa tujiulize: mtu akiweka kilango juu ya bamba lililopasuka au ubao uliooza, kisha akaiuza nyumba bila kusema, ana tofauti gani na muuzaji yule? Plastiki ni ile ile iliyokuwa halali jana. Kilichoongezeka ni mtu mwenye haki ya kujua, naye amefichwa.

Na hili si la Ohio peke yake. Hapa kwetu gari lenye kutu hupakwa rangi mpya, na ukuta wenye nyufa hupigwa chokaa siku mbili kabla ya mpangaji kuja. Ukihoji unaambiwa, "Mnunuzi ana macho." Sheria ya Kiislamu haikubali jibu hilo. Wanachuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa, kwa sababu jicho halipenyi chokaa.

Basi ndugu yetu na apambe nyumba yake kwa kadiri ya uwezo wake, bila israfu. Na siku akiiuza, kama kuna kilichooza nyuma ya kilango, akifungue kwanza, amuonyeshe mnunuzi ukuta, ndipo wazungumze bei.

Wallahu a'alam.