Machela Haibebwi na Mtu Mmoja



Mwinjili Marko atusimulia habari ya mtu mwenye kupooza, aliyeletwa kwa Bwana wetu Yesu Kristu huko Kafarnaumu. Watu wanne walimchukua, na walipozuiwa na umati wakapanda darini, wakafungua tundu, wakamteremsha polepole. Majina yao hatukupewa, wala hatukuambiwa ni nani aliyekuwa mkubwa wao. Lakini ni wazi kwamba kama mmoja angalilegeza mkono kabla ya wenziwe, mgonjwa angalianguka kichwa chini mbele ya Mwokozi.

Kazi ya watu wale wanne yaendelea hata leo. Lourdes ni mji mdogo wa kusini ya Ufaransa, chini ya milima ya Pirenei. Hapo ndipo Bikira Maria alipomtokea Bernadeta, binti wa msagaji wa unga aliyefilisika, mara 18 katika mwaka 1858. Wagonjwa hufika huko kwa maelfu kila mwaka kuhiji, na tangu mwaka 1885 kuna chama cha watu wa kujitolea wenye kuwahudumia. Watu hao hutoka katika nchi nyingi. Wengi huacha kazi na jamaa zao kwa muda wa juma moja, hujilipia nauli, chakula na malazi, wala hawapati mshahara hata senti moja.

Watazameni katika juma hilo. Watu wasiojuana jana, leo wamepangwa katika kundi moja: Mwitalia, Mwingereza, Mfaransa, na pengine hawana hata lugha moja. Huwashusha wagonjwa katika gari moshi, huwavuta katika vigari vyenye kifuniko cha buluu mpaka kwenye Pango la matokeo, huwapeleka katika maandamano ya Ekaristi Takatifu alasiri na yale ya mishumaa usiku. Cheo cha nyumbani hakiulizwi. Mtu mashuhuri afikapo mara ya kwanza huwa mwanafunzi, naye hufundishwa na aliyekwisha kuizoea kazi, hata akiwa ni fundi mwashi.

Je, katika kazi kama hiyo uongozi ni nini? Fikirini jinsi mgonjwa anavyoinuliwa. Sauti moja tu hutoa neno, na wote huinua pamoja. Asiyetaka kulingoja neno hilo humwumiza mgonjwa, ajapokuwa na nguvu kama Samsoni. Lakini hata mwenye kulitoa hana ruhusa ya kulitoa apendavyo. Kwanza amwulize mgonjwa kama yu tayari, na atazame kama mwenziwe aliye dhaifu ameshika vizuri. Basi anayeongoza ndiye anayetangulia kutii: hutii maumivu ya yule anayebebwa. Hayo ndiyo aliyotufundisha Bwana wetu, siku Mitume walipogombea nafasi za mbele, akawaambia kwamba mkubwa kati yao awe mtumishi wa wote.

Labda mtu atasema: Watu hao wana malipo yao, maana huona miujiza. La, sivyo. Tangu mwaka 1858, maponyo yaliyotambuliwa na Kanisa kuwa ni miujiza hayafiki 80. Wagonjwa walio wengi hurudi makwao na ugonjwa wao. Bernadeta mwenyewe hakuponywa pumu yake. Katika utawa huko Nevers aliwahudumia wagonjwa wa nyumba, hata naye akalazwa, akafa mwaka 1879, mwenye umri wa miaka 35. Anayejitolea hakuahidiwa kwamba atamwona mgonjwa akisimama. Ameitwa ambebe, ili mgonjwa asiteseke peke yake.

Nasi tusio na nauli ya kwenda Ufaransa, tutasemaje? Ni nyumba ngapi katika nchi yetu ambamo nyuma ya pazia amelala bibi mzee miezi mingi, na mzigo wote ameachiwa mkwe mmoja au binti mmoja? Yeye huamka usiku kumgeuza, yeye hufua mashuka, yeye huchota maji. Sisi wengine twasalimu mlangoni, kisha twaenda zetu mkutanoni, maana sisi ni viongozi: mwenyekiti wa kamati, mweka hazina wa chama, baba mwenye nyumba. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twauona mwepesi kwa sababu hatujaushika.

Basi, wewe baba, juma hili wakusanye watu wa nyumba yako baada ya sala ya jioni. Usianze kwa kugawa kazi. Mwulize kwanza mgonjwa ahitaji nini. Kisha mwulize yule aliyembeba peke yake amechoka wapi, nawe usimkatize kwa maneno. Halafu shika upande wako wa machela, wewe wa kwanza, ndipo uwaite wanao washike pande zilizobaki. Na wewe mama, usimwachilie mwana wa kiume kwa kuwa ni mwanamume. Wale wanne wa Kafarnaumu walikuwa wanaume.

Hakuna mmoja wetu ambaye hatabebwa siku moja. Mama Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee, ili siku yetu itakapofika tusikose watu wanne.