Saladi Haimngoji Mtu: Nasaha za Likizo Kubwa

Wanangu, likizo kubwa imefika. Tangu mwanzoni mwa Julai shule zimefunga milango, mabasi ya Likasi na Kolwezi yanashusha wajukuu na mabegi yao, na nyumba zilizokuwa na watu wachache mwaka mzima sasa zinalaza watoto sebuleni hadi mlangoni. Nazipenda wiki hizi kuliko Noeli. Lakini adabu ya mezani inatuponyoka, naiona ikituponyoka, na nimechoka kunung'unika jikoni peke yangu. Naandika ili kila mmoja asome, na anayehusika asijifanye hakuelewa.

Mikono kwanza. Mdogo anashika birika na beseni, anaanza kwa mgeni, halafu kambo (babu au bibi), halafu wengine kwa umri. Hili sina haja ya kulieleza.

Sasa saladi. Wapo wanaoniuliza kwa nini nyumba yangu inakula saladi Julai, wakati asubuhi watoto wanaota moto wa mbabula wakiwa wamejifunika vitenge. Ni kweli kuna baridi. Mji wetu wa Lubumbashi uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai unauma. Lakini huu ndio wakati bustani za mabondeni zinapojaa. Mvua imekatika, wakulima wa Kilobelobe na wa kando ya vijito wanamwagilia wenyewe kwa ndoo asubuhi na jioni, na kwa kuwa hakuna mvua ya kuozesha majani, kabichi inafunga vizuri na tomati inaiva bila madoa. Ngojeni Novemba mvua irudi, mtaona fungu la tomati linavyopungua huku bei ikipanda. Mtu mwenye akili anakula kitu katika majira yake.

Naitengeneza hivi, nanyi mtaitengeneza hivi mkiwa kwangu. Vitunguu vyekundu vinakatwa vyembamba kabisa, vinatiwa chumvi, vinakamuliwa kwa mkono mpaka vitoe povu, kisha vinasuuzwa mara mbili. Kitunguu kisichokamuliwa kinakaa mdomoni hadi ibada ya jioni, na jirani yako kanisani hana kosa lolote. Kabichi ikatwe kama nyuzi. Vipande vya upana wa kidole ni chakula cha sungura. Karoti imenywe ndipo ikwaruzwe. Tomati ziwe ngumu kidogo, ziingie mwisho. Avokado linapangwa juu, halikorogwi. Ndimu mbili, kijiko cha mafuta, na pilipili iwekwe kando kwa sababu ya watoto. Chumvi isiguse bakuli mpaka watu wote wameketi. Tomati ikishapata chumvi inaanza kutoa maji, na baada ya nusu saa ulichonacho ni mchuzi baridi ambao hakuna aliyeuomba.

Ndiyo maana nasema saladi haimngoji mtu. Sombe inakungoja, ukiipasha moto kesho inazidi utamu. Samaki tomson aliyekaangwa anakungoja. Hata bukari, ukiifunika vizuri, inakustahimili kidogo. Saladi inataka watu wawepo kwa pamoja, kwa wakati mmoja, mikono safi, na kwa sababu hiyo ndiyo chakula kinachonionyesha nani analelewa na nani anajiotea tu. Mtoto ameitwa mara ya kwanza, anajibu "nakuja" kutoka chumbani. Ameitwa mara ya pili, "nakuja" ileile, na taa ya simu inaonekana chini ya pazia. Mara ya tatu anatumwa mdogo wake kwenda kumwita, na mdogo naye anabaki hukohuko kutazama simu. Wakati huo kambo ameketi, mikono yake imeshanawa, imekauka, anangoja. Mtu mzima aliyekulea hangoji kijana mwenye simu. Kuanzia mwaka huu nitaita mara moja. Asiyekuja atakuta bukari na mboga, na bakuli la saladi litakuwa limeoshwa.

Na nyinyi akina baba mnaopitia nganda Jumapili mkapiga simu saa nane mkisema "mniwekee", tutawawekea nyama. Lakini msiniulize mbele ya watoto kwa nini saladi imechuja.

Avokado. Kuna kijana katika ukoo huu, anajijua, ambaye anakula juu ya bakuli kama kuku anayechakura, anaokota vipande vya avokado kimoja kimoja hadi vinakwisha, ndipo anawaachia wadogo zake kabichi. Nimemvumilia tangu akiwa na miaka sita kwa sababu mama yake alisema ni mtoto. Sasa ana ndevu. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu tulichelewa kumkunja, na makosa ni ya waliomcheka mezani wakati ule. Katika chombo cha pamoja mtu anakula upande wake, kuanzia ukingoni kwenda katikati, na kipande kizuri kikiwa upande wa mwenzako ni cha mwenzako. Mkubwa ndiye anayeweza kukichukua akakuwekea wewe. Ukikipata kwa njia hiyo, sema aksanti.

Wengi wanataka kila mtu apakuliwe sahani yake. Sikatai, wageni ni wengi na kikohozi cha kiangazi kinaambukiza. Ninachokataa ni sahani kupata miguu. Sahani moja iko chumbani, nyingine iko kwenye ngazi, nyingine iko nje ya lango na mwenye nayo anaongea na rafiki yake huku anatafuna. Jioni nakusanya sahani kama mtu anayetafuta mbuzi waliopotea.

Wazee wetu wa kambi za Gécamines, kampuni ya migodi, hawakula hivyo. Wakati ule posho ilikuwa inatoka, gunia la bunga linafika nyumbani, na saa ya kula kambi nzima ilikuwa inajulikana kwa sauti ya miiko. Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Wanaume walikula peke yao na nyama zote, wanawake na watoto wakagawana mchuzi. Huko sitaki turudi, na atakayejaribu kuturudisha atanisikia. Lakini nakumbuka vizuri pia miaka ya baada ya 2003, pale wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni walipoondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi chakula kikawa mara moja kwa siku. Hata katika umaskini ule watu waliketi. Chakula kilikuwa kimoja, basi kilisubiriwa na wote, kikagawanywa na mama kwa haki, na aliyekuwa na kazi ya kibarua alipunguza chake kwa ajili ya asiyekuwa nayo. Leo wengi wenu mnapata vizuri kuliko wakati ule, namshukuru Mungu, lakini tumepata nyama tukapoteza mkeka.

Wavulana watakata vitunguu. Sitaki mjadala. Nimeona wasichana wanne wanamenya, wanatwanga, wanaosha, na kaka zao watano wameketi chini ya mwembe wakiuliza kama chakula kimeiva. Mkono unaoweza kushika simu saa tatu unaweza kushika kisu robo saa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vya dada zenu si vya kununuliwa.

Kuhusu usafi nitakuwa mkali, na sitaomba radhi. Kinachopikwa motoni unakisamehe mengi. Kinacholiwa kibichi hakisamehewi kitu. Wakubwa wanaikumbuka kolera ya 2013 hapa mjini. Waliougua hawakuwa wachafu. Walikunywa na kula kwa maji waliyoyapata. Kwa hiyo majani, tomati na karoti zinaoshwa kwanza vumbi litoke, kisha zinalowekwa katika maji yenye tone la javel kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha zinasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya kisima yaliyo meupe si lazima yawe safi. Atakayesema "mbona zamani tulikula tu" aende akahesabu makaburi ya watoto wa zamani.

Jambo jingine la mji huu ni udongo wenyewe. Shaba imeyeyushwa hapa tangu 1911, na moshi wa miaka yote hiyo ulishuka mahali fulani. Watafiti wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi wamepima bustani kadhaa za mjini, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimi ndani ya udongo na ndani ya mboga kupita kiasi kinachofaa. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa maji. Kwa hiyo muulize muuzaji mboga imelimwa wapi, ondoa majani ya nje ya kabichi, menya karoti, na usinunue siku zote mahali pamoja. Na wewe unayepanda lengalenga kwenye mfereji unaotoka kiwandani kisha unakuja kuziuza kwa watoto wa watu, Mungu anakuona.

Lakini muulize muuzaji kwa heshima. Mama wa soko la Kenya amekuja na beseni kichwani kabla hujaamka, amepanga tomati zake fungu fungu, nzuri zikiwa juu, na ndiyo, chini kuna moja laini. Nawe katika kazi zako za ofisini zimo zilizo laini. Msalimie kwanza. Uliza bei, punguza mara moja au mbili, cheka naye, omba matabishi yako ya pilipili mbili, lipa, nenda. Nilimwona mwanamke mwenye gari kubwa akivunja bei ya fungu kwa faranga mia mbili, akabonyeza tomati zote kwa kidole chenye rangi, kisha akaondoka bila kununua na bila kuaga. Tomati iliyobonyezwa hivyo jioni imeoza, na aliyeibonyeza hatailipa kamwe. Sitaki mtoto wa nyumba yangu afanye vile.

Mtu akipita mnakula, mwambieni "karibu kula", na mwambieni kwa sauti ya kumtaka aje. Mpita njia mwenye adabu atajibu "aksanti, muendelee", isipokuwa akiona mmesisitiza. Akiketi, anasogezewa bakuli bila mtu kuangalia mtu mwingine usoni. Macho yale mnayorushiana nimeyaona, na mgeni aliyaona pia.

Buko, yaani mkwe, akija, mjue kwamba kwa wengi wetu mkwe wa kike na mkwe wa kiume hawali pamoja. Mwandalieni mahali pake. Msimfanyie mzaha eti hiyo ni desturi ya kijijini.

Mayonezi iache kwa harusi zenye friji ya uhakika.

Usipige picha chakula kabla ya sala.

Usiseme chakula kimekosa chumvi, iombe chumvi.

Halafu kuna tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, na hapa ndipo ninapokuwa na uchungu. Asubuhi tunakwenda makaburini, tunafyeka majani makavu, tunafagia, tunamwaga maji juu ya udongo, tunawataja waliotutangulia. Mchana tunarudi kuwapa wazazi walio hai chakula. Ndivyo siku ile ilivyo katika nchi nzima. Mwaka jana wengine walikuja makaburini wakiwa wamevaa nguo za sherehe, wakasimama pembeni wasichafue viatu, na mapanga yakashikwa na wazee wenye magongo. Kisha mchana hao hao wakawa wa kwanza mezani. Mwaka huu asiyefyeka asubuhi atahudumia mchana: atabeba beseni la kunawia, atapakua, atakula mwisho. Na zawadi ya mzazi si bahasha tu unayomtupia kupitia dirisha la gari. Ukimletea kitambaa, kaa. Muulize mguu wake unaendeleaje. Msikilize hata hadithi unayoijua, maana iko siku utatafuta mtu wa kukumalizia hiyo hadithi na hutampata. Mmenyee chungwa. Mkatie tomati vipande vidogo kama meno yake yamepungua, bila kutangaza kwa watu kwamba meno yamepungua.

Baada ya kula, waliokula wanaosha vyombo. Majivu ya makala yanasugua sufuria vizuri kuliko sabuni mnazoringia, na yapo nyuma ya nyumba. Kinachobaki cha bukari na samaki kinafunikwa kwa ajili ya mlinzi na jirani mjane, na kinapelekwa kikiwa bado chakula. Makombo hatumpelekei mtu.

Mwisho, wote mnaokuja tarehe 1, nipigieni siku mbili kabla. Semeni mko wangapi, pamoja na marafiki mnaopenda kuwaleta bila taarifa. Ninanunua tomati alfajiri ya tarehe 31, vitunguu ninavyo, na ndimu mtu wa Likasi aje nazo, za kwao ni nzuri. Visu njooni navyo wenyewe, vimenolewa.