Jeffrey Catherine Jones na Haki ya Mhakiki

Je, mhakiki ana haki ya kuisoma kazi ya awali ya msanii kwa mwanga wa jambo lililojulikana baadaye? Jeffrey Catherine Jones (1944–2011), mzaliwa wa Atlanta, Marekani, alikuwa mwandishi na mchoraji wa katuni. Kati ya 1972 na 1975 jarida la National Lampoon lilichapisha Idyl, mfululizo wake wa kurasa ambamo mwanamke, aghalabu akiwa uchi, anazurura nyikani na kusemezana na viumbe. Mwaka 1998 Jones alianza matibabu ya homoni, akaishi kama mwanamke. Jina la zamani hakulitupa, aliliongezea Catherine.

Kishawishi kilichopo sasa ni kumfanya mwanamke wa Idyl kuwa ungamo. Lakini wanaume wengi wa enzi ile walichora wanawake uchi, wala hatudai kwamba waliungama. Upekee wa Idyl hauna budi kuonekana ukurasani: katika nafasi tupu zilizoachwa makusudi, na katika mazungumzo yasiyofikia tamati.

Kiwakilishi cha Kiswahili hakibagui jinsia, hivyo hutuondolea mzozo mmoja, wajibu hakituondolei. Mhakiki na amwite msanii kwa jina alilojichagulia, hata anapojadili kazi ya 1972. Hiyo ni heshima kwa mtu. Ama kuigeuza michoro yake kuwa cheti cha daktari, huko ni kumdhulumu mtu na sanaa yake pia.