Kwa Nini Hawakugawana Mafuta?



Siku moja, baada ya kusoma Injili katika jumuiya ndogo ya Kikristo, mama mmoja aliniuliza: "Padre, wale wanawali watano wenye busara hawakuwa wachoyo? Mimi jirani akiniomba mafuta ya taa, humgawia hata kama yamebaki kidogo."

Mumewe akadakia: "Mimi sina wasiwasi. Mama watoto ndiye mtu wa sala nyumbani kwetu. Siku ya mwisho nitashika leso yake tuingie pamoja." Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Swali lake ni zuri. Katika Mathayo 25:1-13, wanawali wote kumi walikuwa na taa, wote walisinzia, na wote waliamshwa usiku wa manane. Tofauti yao ilikuwa mafuta ya akiba. Walipoombwa, wenye busara walikataa. Je, Yesu aliyetufundisha kumpa anayetuomba anaweza kusifu uchoyo?

Tutazame mafuta hayo ni nini. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba ni mapendo. Alitoa mfano rahisi: mimina maji, kisha mimina mafuta, mafuta huelea juu. Ndivyo mapendo yanavyokaa juu ya fadhila nyingine zote.

Hapo fumbo linafunguka. Unga hugawanywa, nguo huazimwa, karo husaidiwa. Lakini hakuna mke awezaye kusamehe kwa niaba ya mumewe, wala mume awezaye kutubu dhambi za mkewe. Moyo hauazimwi. Wale watano hawakunyima kitu walichoweza kutoa. Walisema ukweli tu, kwamba mafuta hayatawatosha wote.

Bwana, hapo pana onyo kwako. Mkeo akisali peke yake kwa ajili ya nyumba nzima, akiwafundisha watoto imani peke yake, na kila ugomvi akawa yeye wa kusamehe, mwishowe huchoka. Huko si kushika leso yake, ni kumvuta nyuma. Nadhani mama yule alikuwa akiniuliza habari za taa yake mwenyewe. Na ziko nyumba ambamo mume ndiye anayechoka hivyo. Onyo ni lile lile kwa mkewe.

Je, basi, mwenye imani hawezi kumsaidia mwenzake? Anaweza sana. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorinto kwamba mume asiyeamini hutakaswa kwa mkewe, na mke kwa mumewe (1 Kor 7:14). Lakini neema hubisha hodi. Mwenye moyo ndiye hufungua.

Tena angalieni saa. Mafuta yaliombwa usiku wa manane. Mchana wangeweza kwenda dukani wote kumi pamoja, na pasingekuwa na ugomvi. Miaka ambayo Mungu amewapa ya kuishi pamoja ndiyo mchana wenu.

Mama, usimkaripie mumeo mbele ya watoto kwa sababu hasali. Mwalike kwa upole, na umwachie nafasi ya kuongoza. Bwana, anza na kidogo. Jioni ya leo ongoza wewe Baba Yetu, hata kama utababaika. Jumamosi nendeni pamoja kwenye Kitubio, kila mmoja na dhambi zake. Na kama kuna neno mlilonuniana siku nyingi, yule aliyezoea kungoja aombwe msamaha, safari hii aanze yeye.

Zungumzeni nyumbani:

1. Ni jambo gani la imani ambalo nimemwachia mwenzangu alibebe peke yake?

2. Taa yake inawakaje siku hizi? Nimewahi kumuuliza?

Bwana arusi atakapofika, awakute nyote wawili taa zikiwaka. Mungu azibariki ndoa zenu.